Spishi Moja Ndani ya Tope la Changamwe

Ukisimama mbele ya Fort Jesus, chini ya miguu yako ni matumbawe. Kisiwa cha Mombasa, ukikwangua lami na vumbi, ni mwamba wa matumbawe ulioota zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, na Wareno walipoanza kujenga ngome mwaka 1593 jiwe la kukata walilikuta papo hapo. Lakini vuka Makupa uingie Changamwe, panda kuelekea Miritini, na jiwe linabadilika. Huko kuna tope lililogandamana, la kijivu au jeusi, linalobanduka tabaka kwa tabaka ukilishika mkononi. Lilitua chini ya bahari katika kipindi cha Jura, takribani miaka milioni 155 iliyopita, wakati Bukini, yaani Madagaska, ilikuwa ikijitenga na upande wetu wa Afrika na bahari changa ikifunguka katikati.

Wageni walilijua tope hili zamani. Katika miaka ya 1870 Mjerumani aitwaye Hildebrandt alikusanya amoniti karibu na Mombasa, na mwanajiolojia Beyrich akaziandikia makala huko Berlin. Amoniti ni jamaa wa ngisi na pweza waliokuwa na gamba la kujikunja. Mtoto akiliona njiani ataliokota. Mimi nilivutwa na kitu ambacho hakuna atakayekiokota, kwa sababu hakionekani kwa macho. Nasoma sisti za dinoflajelata.

Dinoflajelata ni viumbe wa seli moja wanaoelea majini. Wavuvi wetu wanawafahamu bila kuwataja: usiku wa giza kasia likipiga maji na maji yakawaka, mara nyingi ni wao. Kila mmoja ana mijeledi miwili ya kuogelea, mmoja umezunguka kiunoni ndani ya mtaro, mwingine umeelekea nyuma. Baadhi yao, baada ya kujamiiana, hujifungia ndani ya ganda gumu na kuzama chini wakingoja hali nzuri. Ganda hilo ndilo sisti. Kiumbe akiamka hufungua tundu, hutoka, huenda zake. Ganda tupu hubaki kwenye tope, na kwa kuwa limejengwa kwa dutu isiyooza kwa urahisi wala kuyeyushwa na asidi, huweza kukaa humo mamilioni ya miaka. Ni sehemu ndogo tu ya spishi zinazoishi leo, kati ya asilimia 10 na 20, zinazotengeneza sisti ya namna hiyo. Kwa hiyo tunachosoma ni wachache walioacha makasha, na sijawahi kumwona mwenye kasha mwenyewe.

Ukubwa wake kwa kawaida ni kati ya maikromita 20 na 150. Unywele wa mtu una unene wa kama 70.

Kilichonifanya niandike haya ni kwamba kwa muda sasa nimekuwa nikieleza spishi moja ya tope hilo ambayo naamini haijapewa jina, na kazi yenyewe imenifundisha mambo ambayo darasani yalipita kwa sentensi mbili. Watu wakisikia "spishi mpya" hudhani shida ni kuiona. Kuiona ni mchana mmoja. Shida ni kumshawishi mtu aliye mbali, asiyekujua, asiye na sababu yoyote ya kukuamini, kwamba kitu hiki si kile alichokwisha kukiona yeye miaka 20 iliyopita chini ya jina jingine.

Nianze na tope lenyewe. Lililo juu ya ardhi halifai. Ukipita barabara ya kwenda Miritini utaona kingo zilizokatwa, rangi ya kahawia na njano, na mgeni wa kazi hii atajaza mifuko. Rangi hiyo maana yake hewa na maji ya mvua vimeshaingia, na vitu vya kikaboni vimeliwa. Utapata slaidi tupu. Lazima ushuke hadi kwenye tope jeusi ambalo halijaonja hewa, na kwa kuwa sina mashine ya kutoboa miamba, nafuatana na wachimba visima na wachimba mashimo ya vyoo. Fundi mmoja wa Changamwe, mtu mzima, alikuwa akinitazama nikichambua rundo lake la kifusi.

"Dada, huu mweusi ndio wautaka kweli? Huu haujengi nyumba."

"Nautaka huo huo, ami. Na tafadhali usiuchanganye na wa juu."

"Una nini?"

Nikamwambia una wadudu wa bahari ya zamani. Akaangalia shimo, akaangalia upande wa Kilindini, akasema hayo maji yalikuja lini mpaka huku. Lakini tangu hapo kila ndoo ya tope jeusi aliiweka pembeni na kuniambia imetoka kina gani, na kina ndicho nilichokihitaji kuliko kitu kingine. Sampuli isiyojulikana imetoka wapi na kina gani ni uchafu tu, hata ikiwa na sisti nzuri kupita zote.

Maabara nitaipita upesi. Njia ya kawaida ni asidi mbili, hidrokloriki ya kuyeyusha chokaa kisha hidrofloriki ya kuyeyusha silika. Hii ya pili huyeyusha hata kioo. Ikigusa ngozi yaweza isiume mwanzoni huku ikipenya kuelekea mfupani, na mahali pasipo na kabati la kufyonza mvuke wala jeli ya kalsiamu glukoneti ya huduma ya kwanza, usiifungue chupa yake. Tope letu ni laini, kwa hiyo nilichagua njia isiyo na asidi, iliyoelezwa vizuri na watafiti wa Uingereza mwaka 2004: unaloweka vipande vilivyopondwa ndani ya sodiamu heksametafosfati, chembe za udongo zinaachana, kisha unachuja kwa wavu mwembamba. Masalio hayawi masafi sana, mchanga kidogo hubaki. Lakini nalala usingizi.

Sasa hadubini. Hapa nitakaa.

Kwa zaidi ya miaka 100 watu walikuwa wakiziona hizi duara zenye miiba bila kujua ni nini. Ehrenberg aliziona katika miaka ya 1830 ndani ya vipande vyembamba vya jiwe la gumegume, akadhani ni mwani wa maji baridi. Baadaye zikapewa jina la jumla, histrikosfera, ambalo halikusema zaidi ya kwamba ni duara lenye miiba. Mwaka 1961 Mmarekani William Evitt alionyesha kwamba nyingi kati yake ni sisti za dinoflajelata, na hoja yake kubwa ilikuwa tundu. Tundu la kutokea halikai popote tu. Lina umbo maalumu, kingo zenye pembe, na liko mahali pale pale kwa kila mmoja wa spishi hiyo, kwa sababu linafuata mipaka ya mabamba, yaani vipande vya ngao ya mwili wa kiumbe aliyelijenga. Miaka michache baadaye watafiti Wall na Dale walichukua sisti hai kutoka chini ya bahari, wakaziangua, wakaona dinoflajelata wakitoka ndani.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalotafuta ni tundu, si miiba. Miiba inavutia, ndiyo inayopigwa picha, lakini tundu ndilo linalokwambia ukoo. Spishi yangu imefunguka juu kabisa: mabamba ya kileleni yameondoka kwa pamoja, na mwili umebaki kama mtungi uliopoteza kifuniko. Ukingo wa mtungi huo hauko laini. Una zigizaga, na kila pembe ya zigizaga inaonyesha mpaka kati ya bamba na bamba lililo chini yake. Mahali pamoja ukingo umekatika kwa kina zaidi. Hapo ndipo mtaro wa tumboni unapoanzia. Ukishapata hapo, unajua tumbo liko wapi, na ukijua tumbo unajua mgongo, kushoto na kulia. Kabla ya hapo una duara tu.

Na duara hili linapenyeza mwanga. Ukishusha lenzi kidogo kidogo, kwanza waona uso wa juu, kisha kingo, kisha uso wa chini kwa kuupitia ule wa juu. Uso wa chini unauangalia kutoka ndani, kwa hiyo kushoto kumekuwa kulia. Kuna picha zilizochapishwa na watu wakubwa ambazo ukizifuatilia utakuta mabamba yamepangwa kinyume, kwa sababu tu hapakuandikwa kama ni uso wa juu au wa chini. Njia yangu ya kujihakikishia ni mshipi, yaani ule mtaro wa kiunoni. Katika wengi wa kundi hili ncha mbili za mshipi hazikutani sawasawa tumboni. Ile ya upande wa kushoto wa kiumbe huwa juu kidogo, ya kulia imeshuka. Nikichora nikapata kinyume chake, nageuza karatasi kabla sijageuza sayansi.

Kuchora nako kuna watu wanakudharau siku hizi, maana kamera ipo. Mimi nachora. Kamera inachukua kina kimoja tu cha lenzi na kila kitu kingine kinakuwa ukungu, ilhali mkono unakulazimisha uamue: huu mstari ni mpaka wa bamba au ni mkunjo? Hiki kijiti (ndivyo niitavyo miiba) kimetoka bamba hili au lile la jirani? Usipoweza kuamua, unaacha nafasi tupu kwenye mchoro, na nafasi hiyo tupu ni taarifa. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akikagua nafasi tupu kabla ya mistari. Akiona mchoro usio na nafasi hata moja alikuwa anauliza, "Huyu umemtazama au umemtunga?"

Kuna ujanja mwingine ambao haumo kwenye makala nyingi. Slaidi ya kudumu imegandishwa, sisti imelala vile ilivyolala na haitageuka tena. Lakini ukitia tone la masalio ndani ya gliserini isiyoganda na kulifunika kwa kioo chembamba, unaweza kukisukuma kioo hicho kwa ncha ya sindano, polepole mno, na sisti ikabingirika. Ghafla ile uliyokuwa ukiiona mgongo inakuonyesha tumbo. Kwa njia hiyo niliona kwamba vijiti vya spishi yangu, vilivyokaa kwa makundi juu ya kila bamba, havizunguki bamba zima. Kila kundi limeacha pengo, na pengo liko upande uleule, wa chini. Katika slaidi zilizoganda nilikuwa nalidhania pengo hilo ni vijiti vilivyovunjika.

Kuvunjika ni swali la haki, na ndipo idadi inapoingia. Sisti moja nzuri haiwi spishi. Inaweza kuwa imevunjika, imekunjwa, imekua vibaya. Unahitaji nyingi, mbovu kwa nzuri, kutoka zaidi ya sampuli moja, na unazipima zote: kipenyo cha mwili, urefu wa vijiti, upana wa tundu. Unaandika ndogo kabisa, wastani, kubwa kabisa, na ulipima ngapi. Ni kazi ya kuchosha na hakuna atakayekupongeza kwayo. Lakini msomaji wangu yule asiyeniamini akifungua makala huanzia hapo.

Mfano unaotutisha sote ni Lingulodinium machaerophorum, sisti inayopatikana hata leo. Ina miiba mingi, na urefu wa miiba hiyo hubadilika kufuatana na chumvi ya maji: penye chumvi kidogo, miiba huelekea kuwa mifupi. Mtu angeweza kuchukua yenye miiba mirefu kutoka bahari kuu na yenye vichonge vifupi kutoka Bahari Nyeusi akazipa majina mawili, na kumbe ni kiumbe mmoja katika maji mawili. Kwa hiyo tofauti ya urefu peke yake hainishtui tena. Nauliza kama kati ya fupi na ndefu kuna za katikati. Zikiwapo mfululizo bila kukatika, ni spishi moja yenye tabia nyingi. Kwangu mimi urefu wa vijiti ulikuwa na za katikati tele, basi nikauacha. Pengo la makundi halikuwa na za katikati. Kila sisti niliyoweza kuibingirisha ama ilikuwa nalo ama ilikuwa imeharibika kiasi cha kutosema lolote, na hizi za pili niliziandika hivyohivyo, haziamuliki.

Halafu unarudi maktaba, na hapo ndipo wengi wanapochoka. Makundi ya vijiti juu ya mabamba yanakupeleka moja kwa moja kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) Systematophora, ambayo spishi yake ya mfano, Systematophora areolata, ilielezwa na Klement mwaka 1960. Pia kuna Rigaudella aemula, ambayo vijiti vyake vimeunganishwa nchani kwa wavu. Yangu haina wavu huo, kwa hiyo hiyo niliiondoa mapema. Kuna orodha kubwa ya majina ya dinoflajelata wa visukuku, iliyoanzishwa na Lentin na Williams na ambayo siku hizi inapatikana pia kama hifadhidata iitwayo DINOFLAJ. Ukitaka kujua jina lipo au halipo, unaanzia humo. Lakini orodha inakupa majina. Picha na maelezo ya awali lazima uyatafute mwenyewe, na baadhi yapo katika majarida ya zamani ya Kijerumani au Kirusi.

Karibu na nyumbani kuna kazi mbili ambazo nisingeweza kuzikwepa. Mwaka 1992 ilichapishwa makala kuhusu dinoflajelata wa Jura ya Mwisho kutoka machimbo ya Mto Panga, hapa hapa Mombasa. Na mwaka 2005 Schrank alichapisha za Tendaguru, kusini mwa Tanzania, pale ambapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 na kuipeleka Berlin. Humo mna jenasi iitwayo Kilwacysta. Nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilifurahi kama niliyeona jirani ugenini: Kilwa ya wafalme na dhahabu, sasa iko kwenye orodha ya vijidude vya Jura. Nililinganisha picha moja moja, bamba kwa bamba, hadi nikaridhika kwamba yangu si yoyote kati ya hizo.

Mnaouliza jina nitakaloipa, samahani, sitalitaja hapa, na si kwa maringo. Dinoflajelata hawa hutajwa kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya mwani, kuvu na mimea, na kanuni hizo hazichezi. Jina lililotolewa bila maelezo halina nguvu. Linabaki linaelea, likisumbua watakaokuja. Jina la kisukuku lazima liambatane na maelezo kwa Kilatini au Kiingereza, sharti lililoanza mwaka 1996, na picha. Na tangu 2001 lazima angalau picha moja itambulishwe kuwa ni ya holotaipu, yaani ile sisti moja ambayo jina limefungwa kwayo milele. Sharti la lugha linaniudhi kidogo, nisiwafiche. Maelezo yangu ya kwanza niliyaandika kwa Kiswahili, kwenye daftari, kwa sababu ndivyo macho yangu yanavyofikiri yakiwa juu ya lenzi: mshipi, mfereji, bamba, kifuniko, kijiti. Hayakupungukiwa na kitu.

Holotaipu yenyewe niliichagua kwa ubishi na mwenzangu. Yeye alitaka ile nzuri kuliko zote, iliyonyooka, vijiti vyote vizima. Lakini hiyo ilikuwa imelala ubavu, na pengo halikuonekana vizuri. Nilishikilia nyingine, imekunjika kidogo ukingoni, lakini inaonyesha tundu, mshipi na pengo katika mkao mmoja. Holotaipu si mrembo wa kijiji. Ni shahidi, na shahidi huchaguliwa kwa alichokiona. Nafasi yake kwenye slaidi imeandikwa kwa herufi na namba za kioo cha England Finder, ambacho kila maabara inaweza kuwa nacho, ili mtu wa Utrecht au wa Dar es Salaam akiweka slaidi hiyo chini ya hadubini yake aifikie sisti ileile bila kuhangaika. Slaidi lazima ihifadhiwe katika taasisi inayotajwa kwenye makala. Droo ya nyumbani haihesabiki, hata ikiwa na kufuli.

Makala imerudi kutoka kwa wahakiki. Wa kwanza aliuliza kama sisti hizi hazikumomonyoka kutoka mwamba wa zamani zaidi zikaja kutua upya, swali ambalo lina jibu: rangi ya ganda lao ni sawa na ya sisti nyingine zote za sampuli hiyo, na zinapatikana katika kina zaidi ya kimoja. Wa pili aliuliza jambo gumu. Nimeeleza mwili vizuri, akasema, lakini kifuniko kiko wapi? Kama mabamba ya kileleni yaliondoka kwa pamoja, yapo mahali fulani, na vijiti vyake vimepangwaje?

Ana haki. Vifuniko hivyo ni vidogo na vyembamba, na vingi hupenya wavu wa maikromita 20 niliokuwa nikiutumia. Sasa nachuja upya masalio ya visima vile vile kwa wavu wa maikromita 10, ambao huziba haraka na kunitia uvivu, na vimeanza kujitokeza, kimoja hapa, viwili pale, vingi vikiwa vimejikunja. Kimoja kimelala kimefunguka, na juu yake makundi manne ya vijiti yanahesabika, kila moja na pengo lake. Nimeshakichora, nikaacha nafasi tupu mahali pamoja karibu na ukingo ambapo sikuweza kuamua.